Gonga Muhuri Hapo, Bosi

Katikati ya miaka ya 1980, nilipoanza kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo, mteja hakuwa na karatasi ya kuchagua. Aliuliza kuna nini, akajibiwa, akachapiwa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza uzalishaji, na kwetu rimu ikipatikana ilikuwa habari njema. Rangi na unene wake havikujadiliwa.

Biashara huria ilipofungua milango, maduka yakajaa karatasi za nje. Hapo ndipo homa ya kung'aa ilipoanza. Kila mwenye duka alitaka kumeremeta, kuanzia kipeperushi mpaka ankara. Kwa kipeperushi sikuwa na neno: karatasi iliyopakwa udongo laini huuzuia wino usizame, picha ikatoka kali. Lakini ankara?

Fundi wetu mkuu, tuliyemwita Mzee tu, hakubishana na wateja. Muuza vifaa vya ujenzi alipong'ang'ania vitabu vya risiti vinavyong'aa, Mzee alimsogezea kipande cha karatasi hiyo. "Gonga muhuri wako hapo, bosi." Akagonga. Mzee akapitisha kidole gumba. Jina la duka likageuka mkia wa zambarau hadi ukingoni. Mteja akacheka, akachukua karatasi ya kawaida isiyong'aa.

Kwa kadi nene alikuwa na kipimo kingine. Aliipinda taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaotii ndiko nyuzi zilikolala, na hapo ndipo pa kukunja. Ukikunja kwa kuzikata nyuzi, mgongo hupasuka, rangi ikabanduka na weupe ukachungulia.

Wingi wa bidhaa ulileta na ujanja wake. Rimu ikaandikwa gramu 80 huku ndani ni 70. Mzee akawa anaazima mizani kwa muuza sukari jirani. Rimu ya A4 ya gramu 80, karatasi 500, bila ganda lake hukaribia kilo 2.5, ya gramu 70 haifiki hata 2.3. Wauzaji wakamchukia, nasi tukanunua kwa amani.

Kisha karatasi ya kaboni, iliyotuchafua vidole miaka yote, ikaanza kuwapisha zile zinazojinakili zenyewe: nyeupe juu, ya pinki na ya njano chini. Mgongoni zina vidonge vidogo mno vya kemikali vinavyopasuka kalamu ikikandamiza. Mimi nilizipenda, ila stoo zilihitaji adabu, maana ukizirundikia mzigo zinaingia madoa kabla hata hazijaandikwa.

Mwaka 2010 zikaja mashine za risiti za kodi, na oda za vitabu vya risiti zikaanza kupungua. Hapo mfanyabiashara haulizwi tena anataka karatasi gani: anatia roli, mashine inachapa kwa joto. Ajabu ni kwamba risiti hiyo, ambayo mhasibu anatakiwa kuitunza kwa miaka, ikikaa kwenye dashibodi ya gari juani huharibika vibaya. Wahasibu wenye akili huitoa kopi mapema. Siku hizi kopi hizo zinatuingizia hela kuliko kadi za biashara, na tunazitoa kwenye karatasi ileile isiyong'aa, gramu 80 za kweli, maana mizani sasa tunayo ya kwetu.