Ritifaa Yangu Si Kosa

Wasee, leo tuongee kuhusu alama moja ndogo sana: ritifaa. Ile ya ng'ombe, ng'oa, Ng'ang'a. Ukiitoa, ng'oa inakuwa ngoa, yaani umetoka kung'oa magugu ukaingia kwa wivu. Si pambo hiyo, ni sauti.

Sistangu mdogo aliomba basari mtandaoni kwa simu. Akaandika Ng'ang'a vile iko kwa kitambulisho. Fomu ikamjibu kwa wino mwekundu: jina si sahihi. Akajaribu mara nne wapi. Akaandika Nganga, ikapita. Wiki tatu baadaye akaambiwa jina halilingani na kitambulisho, na siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa imeshapita. Karo yote ikamwangukia mama.

Watu wakasema ni yeye alikosea. Zii. Chuo niliacha, lakini hii naijua kwa sababu natengenezea watu kurasa za wavuti. Kompyuta ina ritifaa zaidi ya moja. Kuna iliyonyooka, nambari yake kwa Unicode ni U+0027, na iliyopinda, U+2019. Tangu iOS 11, mwaka wa 2017, kibodi ya iPhone inaweza kukubadilishia ya kwanza kuwa ya pili bila kukuuliza. Kwa macho yako ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili. Hata ũ ya Gĩkũyũ na Kikamba iko hivyo: inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, ama u na kiwimbi chake kando.

Halafu kuna fomu inayokubali ritifaa iliyonyooka pekee, na nyingine iliyoamua jina ni A hadi Z, basi.

Dawa si ngumu. Fomu ipokee alama zote mbili, kisha yenyewe izigeuze ziwe moja kabla ya kulinganisha. Kisanduku cha jina kizimiwe marekebisho ya otomatiki. Na ijaribiwe kwa simu za kawaida zenye kibodi ya Kiswahili, si kwa laptopu ya ofisi tu.

Na wewe unayejaza, ingia mipangilio ya kibodi uzime alama zinazojibadilisha. Fomu ikikukataa, piga skrinishoti yenye tarehe kabla hujagusa jina lako. Hiyo ndiyo itakutetea ukiambiwa ni wewe ulikosea.

Mnaojenga fomu, jina la kwanza la kujaribu liwe Ng'ang'a. Sisi ni wengi, na tunalipa karo pia.