Mkojo wa Saa Moja Asubuhi

Nilimwandikia mama mmoja wa Mbagala kwamba mwanawe hana kichocho, kumbe mtoto alikuwa nacho. Kosa lilikuwa langu.

Wakati huo nilikuwa maabara, kwenye zahanati moja ya Temeke. Mama alifika saa moja asubuhi na mkojo wa kwanza kwenye kichupa. "Dokta, mtoto akimaliza kukojoa anatoa matone ya damu." Foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka tone moja kwenye kioo, nikachungulia kwenye hadubini, nikaandika "hakuna". Mtoto akapewa dawa za UTI.

Chuoni nilifundishwa vizuri tu. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Damu inayokuja mwisho wa haja ni dalili yake kubwa. Nilitakiwa kumwambia mama arudi mchana, nichukue mililita 10, nizungushe kwenye mashine, nipime mashapo. Hata kumuuliza mtoto anaoga wapi sikumuuliza. Nilishajiaminisha kwamba kichocho ni cha Kanda ya Ziwa, huko Mwanza na Ukerewe, ilhali Dar es Salaam nayo ina madimbwi yenye konokono wanaokibeba. Mtu akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, kijidudu kinaingia ndani ya konokono na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa. Kisha vijidudu vinatoka kwa maelfu jua likiwa kali, wakati uleule watoto wanapoogelea, na kupenya ngozi.

Miezi ikapita, mtoto akarudishwa amepauka, ameshika chini ya kitovu. Mwenzangu akachukua mkojo wa mchana, akaniita. Niliyaona: mayai marefu, kila moja na mwiba mdogo nchani. Mtoto akapewa dawa ya prazikwanteli baada ya kula. Nilimfuata mama, nikamweleza nilichofanya, nikamwomba radhi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama dada wa mtoto naye apimwe. Nikamwambia amlete, amlete mchana.

Mzazi, mwanao akikojoa damu, sema wazi anaogelea wapi. Na ukipewa jibu la "hakuna" kwa mkojo wa asubuhi, usiondoke. Omba apimwe tena mchana.