Kutoka Mbaga kwa nyutro

Leo sikupeleki disko wala ufukweni. Leo panda na mimi kwenye lori, tena kaa katikati, pale ambapo gia inakugonga goti kila ikibadilishwa, twende Same.

Kwa nyie mliozaliwa Dar na Chalinze hamjaivuka, Same ni ule mji ambao basi la Moshi likifika unashtuka usingizini, unauliza "tumefika?", unaambiwa bado kilomita zaidi ya 100, unalala tena. Jua, vumbi, upepo, na mlima umesimama pembeni kama mtu anayekudai. Wengi wanaishia hapo dirishani, wanadhani Upareni ndiyo hiyo, ukame mtupu. Kumbe Upare wenyewe uko juu bwana! Mji uko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, lakini kilele cha Shengena huko nyuma kinazidi mita 2,400. Kwa hiyo ndizi, maharage na tangawizi vinateremka, saruji, bati na soda vinapanda. Na hiyo tangawizi usijifanye huijui. Ya Mamba Miamba umeshaitia kwenye chai mara ngapi bila kuuliza imetoka wapi? Imetoka huko, kwa lori.

Mimi nilimfuata mjomba. Ni mwalimu mstaafu. Alipolipwa mafao hakuongeza mke kama walivyomtabiria kijiweni, aliongeza mkopo wa benki, hati ya nyumba ikabaki huko huko benki, akanunua lori jipya la tani 7, viti bado vina nailoni. Aina yake siitaji, na duka la Dar lililomuuzia pia silitaji, sina hela ya wakili. Waranti ilikuwa mwaka mmoja au kilomita 50,000, kimojawapo kikitangulia. Karatasi hiyo mjomba aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni pembeni ya picha ya harusi yake. Si utani, nimeiona kwa macho yangu.

Basi tukaondoka Same alfajiri, dereva, utingo na mimi. Barabara inapita Mwembe, halafu inaanza kupanda kwenda Mbaga, na ukiendelea nayo inakupeleka Miamba mpaka Ndungu, upande wa pili wa milima. Nakwambia kona zile ukizihesabu unasahau ulipofikia. Huku mlima, huku bonde, katikati lori na saruji yake, gia ya kwanza, ya pili, inarudi ya kwanza. Ukitazama chini unaona tambarare yote ya kahawia, imekauka, na hapo ulipo maji yanatiririka kando ya barabara na migomba imeshikana. Mtu wa Sinza kama mimi unabaki mdomo wazi.

Ila miguu ilikuwa inaungua. Sakafu ya lori ilikuwa ya moto mpaka ndala zangu zimelainika. Na chini kulikuwa na sauti, "ngwiiii", inapanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta.

"Kaka, hiyo nini?"

"Giaboksi hiyo. Inaimba. Imeanza mwezi wa tisa tangu tulichukue gari."

"Na hili joto je?"

Akanionyesha saa ya dashibodi. Mshale umetulia katikati. "Unaona? Gari iko poa."

Na mimi nikaona kweli, poa. Baadaye ndipo nilipoambiwa kuwa saa ile inapima maji ya injini. Giaboksi ya lori letu haina saa. Haina rejeta yake wala feni. Ni oili iliyomo ndani tu na upepo unaopita nje, na mlimani kwa mwendo wa konokono upepo wenyewe uko wapi?

Mbaga tulilala. Ni mahali pa zamani, misheni ya Kilutheri ipo tangu enzi za Mjerumani, na usiku kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Tulikula makande. Nisikilize vizuri, makande ya Upareni si yale ya bweni ya siku za Jumatatu! Nilirudia sahani mara tatu, mama mwenye nyumba akacheka, akasema huyu mtoto wa Dar alikuwa anafungiwa.

Kesho yake tulipakia tangawizi, tukageuza. Na hapa ndipo kasheshe ilipoanzia, ingawa mwenyewe niliona ndiyo raha ya safari nzima. Tulipoanza mteremko dereva akaweka nyutro, akazima injini.

Kimya. Ile kelele yote ikakatika, ukabaki upepo na ndege. Lori linateleza lenyewe kama mashua.

"Dizeli inauma, mdogo wangu," akasema. "Kupanda tunalipa. Kushuka mlima unatupa bure."

Nikamwona mjanja kweli kweli. Sikujua kwamba breki zile zinategemea upepo na upepo unajazwa na injini, kwa hiyo kila akikanyaga anatumia akiba isiyorudi. Usukani nao ulikuwa mzito, mishipa ya shingo imemtoka, mimi nadhani ndivyo alivyo. Msomaji wangu, nilikuwa napiga mluzi!

Tulipofika chini akawasha, akaingiza gia. Ikalia "kraaa!" ambayo mpaka mbuzi wa jirani walikimbia. Moshi ukatoka chini ya miguu yetu na harufu ya kuungua ambayo bado iko kwenye shati langu. Lori likagoma. Utingo akaenda kutafuta msaada, tukafaulisha tangawizi kwenye gari la watu, na lori lingine likatufunga mnyororo likatuburura mpaka Same.

Fundi ni mzee mmoja mwembamba, gereji yake iko chini ya mti, kiti chake ni tairi. Kabla hajagusa spana aliuliza swali moja: "Mlipovutwa, propela mliifungua?" Tukatazamana. Akatikisa kichwa, akaingia chini.

Alipofungua nati ya kumwagia oili kilichotoka kilikuwa cheusi kama kahawa ya uswahilini, kidogo, kimeungua. Ile nati ina sumaku, na sumaku ilikuwa imeota ndevu za chuma. Alipoishusha giaboksi na kuifungua akatuonyesha beringi. Chuma kilikuwa kimegeuka bluu, bluu ya kupendeza hasa, ungesema rangi ya kucha. Chuma kikipata moto mkali kinakuwa hivyo.

Akatueleza taratibu kama mwalimu wa darasa la tatu. Ndani humo hakuna pampu ya oili, giaboksi za aina ile nyingi hazina. Gia za shafti ya chini ndizo zinazochota oili na kuirusha juu, na shafti hiyo inazungushwa na injini. Ukizima injini ukaachia nyutro, ya chini imelala, lakini ya juu inaendelea kuzungushwa na magurudumu kupitia propela. Inazunguka kavu. Kilomita baada ya kilomita, kavu. Kule kuimba kulitokana na sili iliyokuwa inavuja tangu mwanzo, oili ikapungua, na huo ulikuwa ugonjwa wa kiwandani, wa kutibiwa bure. Mteremko ukauzidisha. Kuvutwa na mnyororo bila kufungua propela kukaumaliza.

Mjomba alifika na fremu kwapani. Waranti ilikuwa imekwisha siku 19 zilizopita.

Akapiga simu Dar, akaweka spika wote tusikie. Dada wa upande wa pili alikuwa na sauti nzuri sana. Samahani mzee, muda umepita. Giaboksi mpya? Milioni 11 na ushee, bila ufundi. Mjomba akakata simu, akatangaza kesi.

Sasa mnajua utani wanaowatania Wapare, kwamba atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mjomba hakasiriki ukimtania, anakwambia ndiyo, na tunashinda. Akaanza historia. Akakumbusha kwamba mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakakusanyika hapo hapo Same bomani kupinga kodi ya mbiru, ambayo mkoloni alitaka kumkadiria kila mtu mali yake, wakakaa miezi, akina mama nao wakaandamana, na kodi ikafa. "Serikali ya Mwingereza tuliishinda, sembuse duka la magari!" Watu chini ya mti wakapiga makofi. Kijana mmoja akaongeza kwamba Tume ya Ushindani ipo, kwa sheria ya mwaka 2003, na malalamiko ya walaji inapokea.

Fundi hakupiga makofi. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa.

"Mwalimu, hii gari ilianza kuimba lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Uliwaandikia?"

Kimya. Kuipeleka Dar ilikuwa siku nne bila kazi, na benki inataka rejesho lake kila tarehe 28. Kwa hiyo waliongeza redio sauti. Laiti angeandika barua siku ile, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, leo angekuwa na mahali pa kuanzia, muda uwe umepita usiwe umepita. Lakini barua haikuwepo.

"Na nani anazimaga injini mteremkoni?"

Dereva akaangalia viatu vyake. Mimi nikajua sasa hapa mtu anafukuzwa kazi. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Maana, na hili alinieleza mwenyewe usiku, sauti ya chini, Krismasi iliyopita alimpa yule dereva shilingi laki moja mbele ya familia nzima. Zawadi ya kubana dizeli.

Hakumfukuza. Ukinuna na mtu uliyemlipa akosee, utamwambia nini? Kesi nayo haikutajwa tena.

Tukakaa na kalamu. Giaboksi ya mtumba Gerezani, Dar, milioni 4 na nusu, kama utapata nzima, maana nayo inakuja haina waranti wala historia. Fundi akasema yeye atabadilisha beringi zote, sili na gia mbili zilizokatika meno, milioni 2 na laki 7 pamoja na jasho lake, akipata spea. Wiki tatu. Zilikuja kuwa sita, maana gia moja ilisubiriwa mpaka ikapatikana Arusha. Wiki sita hizo tarehe 28 ilipita mara mbili. Mjomba aliuza ng'ombe wawili, na binamu yangu wa kidato cha tano alirudi shule wiki mbili baada ya wenzake.

Ile fremu sikuiona tena ukutani. Niliikuta jikoni, kioo hakipo, karatasi imegeuzwa, nyuma mjomba ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni orodha ya spea na bei zake.

Siku ninaondoka lori lilikuwa bado juu ya magogo. Dereva alinisindikiza mpaka stendi, kanibebea begi, hatukuongea sana. Nauli ya kurudi Dar nilijilipia mwenyewe.