Maji Kwanza, Kifusi Baadaye

Kazi yangu yote imekuwa kwenye barabara za wilaya, zile za udongo na changarawe zinazotoka vijijini kwenda sokoni, kwenye zahanati na kwenye shule ya kata. Nilizihudumia nikiwa fundi sanifu wa halmashauri katika Nyanda za Juu Kusini, kisha nikaendelea nazo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi Julai 2017 na kuzipokea kutoka kwa halmashauri. Jambo moja nimelishika na niko tayari kulitetea mbele ya yeyote: barabara hizi huuawa na maji kabla hazijauawa na magari, na mwenye fedha kidogo ya matengenezo aanze na mtaro.

Barabara ya changarawe hujengwa na mgongo katikati, unaoshuka sentimita tano au sita kwa kila mita moja kuelekea pembeni, ili mvua ikinyesha maji yasipate pa kutuama. Mgongo ukiwepo na mtaro ukiwa wazi, lori la viazi hupita hata wakati wa mvua bila kuacha jeraha kubwa. Sasa tazama kinachotokea greda likichonga kwa haraka. Linasukuma udongo hadi ukingoni na kuuacha pale, tuta dogo lisilofika hata magotini, ambalo mpita njia hawezi kuliona kuwa ni kosa. Tuta hilo ndilo linaloyazuia maji yasiingie mtaroni. Yanageuka, yanafuata njia ya magurudumu, yanabeba changarawe laini kwanza, kisha kokoto zenyewe, na kufikia mwisho wa msimu yamechimba korongo katikati ya barabara huku mtaro wa pembeni ukiwa mkavu. Mwaka unaofuata greda linarudi kufuta korongo lile, linakata udongo zaidi, na barabara inazidi kushuka hadi inakuwa chini ya mashamba ya pande zote mbili. Ikifika hapo, yenyewe ndiyo mtaro, na kuiinua upya kunahitaji malori mengi ya kifusi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usangu, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu udongo ule huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kifusi kilichotandazwa juu yake bila kuondolewa maji humezwa.

Ugumu wa pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, wakati wa kiangazi, ambapo kazi ya udongo ingefanyika vizuri. Lakini zabuni hutangazwa, mikataba hupitiwa, fedha huja kwa awamu, na mara nyingi mkandarasi huingia barabarani Novemba, mvua za kwetu zikianza. Mtaro hausubiri utaratibu huo. Unataka kuzibuliwa kabla ya mvua ya kwanza, kuangaliwa tena katikati ya msimu, na mdomo wa kalavati kuondolewa matawi na mchanga siku ileile ulipoziba. Katika mipango yetu tunatenganisha matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu na ya sehemu korofi. Kufyeka na kuzibua mitaro kumo katika matengenezo ya kawaida, fungu ambalo halizinduliwi na kiongozi yeyote, na bajeti ikibana ndilo huwa la kwanza kuguswa.

Wapo wanaosema tatizo ni fedha tu. Siwapingi moja kwa moja. Kwa miaka mingi Mfuko wa Barabara uligawa asilimia 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri, ilhali mtandao wa wilaya, wenye zaidi ya kilomita 100,000, ni mrefu kuliko barabara kuu na za mikoa zikijumlishwa. Ndiyo maana niliiona shilingi 100 iliyoongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli mwaka 2021 kwa ajili ya TARURA kuwa haki iliyochelewa. Lakini fedha ikiongezeka na mpangilio ukabaki uleule, tutakachopata ni kifusi kingi zaidi cha kusombwa. Wengine wanataka lami, na nani asiyeitaka? Mama mjamzito aliye nyuma ya bodaboda ana haki nayo kama mkazi wa mjini. Ila lami nayo maji yakiingia chini yake hupasuka na kufanya mashimo, na kuiziba ni ghali kuliko kuchonga udongo. Lami haimwondolei mtu kazi ya mtaro.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mkulima. Maji ya barabara yakielekezwa pembeni huingia shambani kwake, hukata matuta yake, naye huziba njia hiyo kwa mawe usiku. Ana sababu. Dawa ni kuyatoa maji kidogokidogo, kwa michepuo mingi mifupi, mahali mlipokubaliana naye, badala ya kuyakusanya kwa kilomita nzima na kummwagia mtu mmoja. Makubaliano hayo hayafanyiki ofisini wilayani. Hapa ndipo ninapowaelewa madiwani wanaolalamika kwamba mwananchi bado anawauliza wao kuhusu barabara ambazo hawazisimamii tena. Siombi zirudishwe halmashauri, kwa maana kuwaweka wahandisi chini ya wakala mmoja kumeipa kazi utaalamu. Ninachotaka ni kila kipande cha barabara kiwe na kikundi cha wakazi wanaolipwa kwa mkataba wa mwaka mzima kukitunza. Sheria ya ununuzi imeshatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na Mbeya kipo chuo cha serikali kinachofundisha kazi za barabara kwa nguvu za watu. Atakayesema jembe na sururu ni polepole hasemi uongo, na kazi ya kuinua tuta au kushindilia kifusi waachiwe wenye mitambo. Lakini mdomo wa kalavati ulioziba saa nane za usiku unamhitaji mtu anayeishi jirani nao, mwenye koleo, na anayejua kwamba mwisho wa mwezi atalipwa.