Nyimbo za Kambini Zilipoingia Kanisani

Utoto wangu ulikuwa na muziki wa aina mbili, na hakuna mtu niliyemfahamu aliyedhani kwamba siku moja zingekutana. Wa kwanza ulikuwa wa Jumapili, katika kanisa letu la Kilutheri pale Korogwe: nyimbo za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kwaya ya sauti nne, na sikukuu zikifika, tarumbeta. Muziki huo uliletwa Usambara na wamisionari wa Kijerumani walioanza kazi Mlalo mwaka 1891, ukashuka milimani hadi kwetu bondeni, kando ya Mto Pangani.

Wa pili ulikuwa wa siku nyingine zote. Korogwe ni mji wa mkonge, na mashamba kama Magunga na Ngombezi yalikusanya manamba, vibarua wa mkataba, kutoka kila pembe: Waha, Wanyamwezi, Wangoni, Wabena, Wamakonde. Kazi ikiisha, kila kambi ilicheza ngoma ya kwao. Na nilipopelekwa likizo Handeni kwa bibi, niliwakuta wanawake wa Kizigua wakitwanga mahindi huku wakiimba. Michi miwili, pengine mitatu, ilishuka katika kinu kimoja, kila mmoja ukiingia kwenye nafasi iliyoachwa na mwenzake bila kugongana. Juu ya mapigo hayo bibi alianzisha, wengine wakaitikia.

Kanisani ngoma haikupigwa. Wazee wetu waliopokea ubatizo walikuwa wamefundishwa kwamba ngoma ni mambo ya kale, na waliishika ahadi yao kwa uaminifu. Lakini hata mtoto alisikia kwamba nyimbo zetu za Jumapili zilikuwa na shida. Nyingi huanza kwa silabi nyepesi kisha nzito, ilhali neno la Kiswahili la silabi mbili, kama Bwana au Mungu, huwa na uzito wake mwanzoni. Likipandishwa juu ya tuni ya namna hiyo, uzito huangukia mkiani, na mwimbaji hulitamka kama asivyolitamka popote pengine. Bibi, ambaye hakujua kusoma, kila alipotutembelea alikaa kimya wakati wa nyimbo. Nyumbani ndiye aliyekuwa mwanzishaji.

Kitabu kilichobadilisha mambo kilitoka Makumira, karibu na Arusha, kwenye chuo cha theolojia cha Walutheri. Chuo hicho kilikuwa kimeanzia Lwandai, huko huko Usambara, kabla ya kuhamia Makumira mwaka 1954. Mmoja wa walimu wake alikuwa Howard Olson, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946, akaishi na Wanyaturu wa Singida na kuichunguza lugha yao mpaka akaiandikia tasnifu ya udaktari. Aliyezoea kusikiliza lugha kwa makini namna hiyo, alisikiliza na nyimbo. Wanafunzi wake walitoka makabila mbalimbali, na kila mmoja alibeba kichwani tuni za kwao. Olson alizikusanya, akaziandika kwa nota, akawahimiza wanafunzi watunge maneno ya Kiswahili yanayokaa vizuri juu yake. Mwaka 1968 zikatoka katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu.

Kwetu kitabu hicho kilikuja mkobani mwa mwanafunzi aliyerudi likizo. Mwalimu wetu wa kwaya alikipokea, akatufundisha wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, "Mfurahini, Haleluya", uliotungwa mwaka 1966 juu ya tuni ya Kihaya. Hatukuhitaji kuusoma. Kiongozi aliimba, sisi tukaitikia, na kila silabi ilisimama mahali pake. Wapo wazee waliotoka nje kwa uchungu, na ninauheshimu uchungu wao, kwa sababu walikuwa wameacha mengi kwa ajili ya imani. Lakini Jumapili hiyo bibi alikuwa Korogwe, na aliitikia tangu ubeti wa kwanza. Miaka michache baadaye ngoma yenyewe iliingia, ikifuatiwa na kayamba na vigelegele.

Jambo hili halikuwa la Walutheri peke yao. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alichapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa Katoliki na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima katika ibada. Kabla yao, watunzi Béla Bartók na Zoltán Kodály walikuwa wamezunguka vijiji vya Hungaria na fonografu, wakirekodi nyimbo za wakulima. Bartók alijenga juu yake muziki wake mwenyewe, na Kodály akazifanya msingi wa kumfundisha mtoto muziki. Na wimbo wa Kyamanywa ulisafiri kwa mwelekeo wa kinyume: ulitafsiriwa Kijerumani mwaka 1969, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Nchi iliyotuletea tarumbeta huimba Pasaka kwa tuni ya Buhaya.

Badiliko la pili nililishuhudia nikiwa mwalimu wa kwaya. Miaka ya tisini vilikuja vinanda vya umeme vyenye midundo iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Kwaya zilirekodi kaseti, vijana wakajaa, na furaha ilikuwa kubwa. Ila mdundo wa mashine haumsubiri mwanzishaji avute pumzi, wala hauachi ile nafasi ya mchi wa pili kuingia. Kwaya nyingi, za Korogwe na za mbali, zikaanza kufanana.

Sisemi vinanda vitupwe. Ninachowaomba walimu wenzangu wa kwaya ni kufuata njia ileile ya Makumira: kusikiliza kwanza, kuandika baadaye. Chuo kile, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, hutoa shahada ya muziki ambamo ngoma za asili na muziki wa Kizungu hufundishwa bega kwa bega. Lakini nyimbo zenyewe haziko darasani. Ziko kwa bibi wa Handeni na kwa wajukuu wa manamba wa Magunga, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka. Kijana anayetaka kutunga akae nao, awarekodi kwa simu yake, aandike jina la mwimbaji na mahali wimbo ulipotoka, kisha ndipo afungue kinanda. Kanisa lililowahi kumnyamazisha mwanzishaji wake lina deni kwake, nalo hulipwa kwa kujifunza alichokuwa akiimba.