Peponi Imefika Tanga

Kifurushi kilishuka na basi la jioni kutoka Dar es Salaam, kimezungushiwa gazeti na gundi nyingi mno. Tulikuwa mafrateri watatu, tumepangiwa likizo katika parokia moja ya mjini Tanga, na fedha ya kitabu tuliichanga wenyewe. Tulikifungua palepale stendi. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis, kimechapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mmoja wetu alikinusa kwanza. Kondakta alitucheka, na alikuwa na haki.

Furaha hiyo ina historia yake. Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi walimsifu na wachache walikuwa wamemsoma. Sisi tulikuwa na nakala moja iliyochakaa ya Paradise, riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, tukaisoma kwa zamu, kamusi pembeni. Tuliipenda, ila kama mtu anayemwona ndugu yake kwenye dirisha la basi linaloondoka. Mwandishi ni mzaliwa wa Zanzibar, wahusika ni watu wa huku kwetu, maduka na mabaraza ni ya pwani. Miaka 28 hadithi hiyo ilikuwa ikisubiri kusomwa kwa Kiswahili.

Usiku huohuo tulikipeleka kwa babu katekista, ambaye Kiingereza hakijui na wala hakijutii. Tulisoma barazani kwa tochi ya simu. Jirani yake, fundi cherehani Mwislamu kutoka Ngamiani, alikuwa amekuja kuleta kanzu za watumikiaji, akakaa.

Yusuf ana miaka 12. Tajiri Aziz, anayemwita mjomba, akija kwao humwachia sarafu. Siku moja anaondoka naye kwa garimoshi kwenda pwani, na mtoto anadhani ni safari tu. “Hiyo reli yetu,” babu alisema. Hatukumbishia, ingawa Gurnah mji ule wa pwani hautaji jina. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911, na kwa babu hakuna reli nyingine.

Dukani, Khalil ndiye anayemfumbua macho Yusuf: yule si mjomba wake, na yeye amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Neno rehani Gurnah aliliacha kwa Kiswahili hata katika Kiingereza chake. Kule lilitusimamisha, tukalitazama kama mgeni. Hapa lilipita katikati ya maneno mengine, na ndiyo maana liliuma zaidi.

“Huyu ni Yosefu wa kitabu cha Mwanzo,” alisema mmoja wetu, akakumbusha vile vipande 20 vya fedha.

“Ni Nabii Yusuf,” fundi akajibu. “Subirini shati.” Kweli, huko mbele mke wa Aziz anamshika kijana, na shati linachanika mgongoni, kama ilivyo katika Kurani. Katika Mwanzo, Yosefu anamwachia mke wa Potifa vazi zima mkononi. Fundi alifurahi kama aliyefunga goli. Sisi tuliosomea Maandiko tulikuwa tumeisoma sehemu ile kwa Kiingereza bila kuligundua shati.

Kuna pia Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa. Kwa maoni yake, hakuna mwenye uwezo wa kumnyang’anya mtu uhuru wake, basi atampaje? Babu aliomba tulirudie hilo. Tulirudia mara mbili.

Ndipo akauliza, bila kumlenga mtu: “Na yule binti wa kwenu, wanangu, analipwa?”

Hakuna aliyejibu upesi. Katika nyumba tulizokulia, zote tatu, palikuwa na binti aliyetoka milimani, upande wa Lushoto au Bumbuli, akamwita mama yetu shangazi bila kuwa na undugu naye. Mmoja wao alikuja ana miaka 11. Ndiye aliyefua sare za mwenzetu alipokuwa seminari ndogo, naye shule hakurudi. Hatukuwahi kuuliza alikuja kwa makubaliano gani, na nani aliyakubali.

Mwenzetu alitoka barazani akapiga simu nyumbani. Aliporudi alisema tu kwamba dada yuko Handeni siku hizi, ana watoto wawili, na mama atatafuta namba yake. Tukaendelea kusoma hadi simu ikaishiwa chaji.

Kitabu hatunacho kwa sasa. Kiko Ngamiani kwa fundi, amebakiza sehemu mbili kati ya sita, na anasema tusimharakishe.