Maziwa ya Kiangazi Kongwa

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma huiona nchi ikigeuka kabla hajafika Kongwa: miti yapungua kimo, mibuyu yasimama peke yake, na upepo haupumziki. Hapa ndipo Waingereza walipokuja kulima karanga kwa matrekta mwaka 1947. Mvua zikawa haba, udongo ukakauka hata ukavunja majembe ya chuma, na mwaka 1951 mradi ule ukaachwa. Lakini ardhi iliyokataa karanga haikukataa nyasi, na leo Kongwa yajulikana kwa ranchi yake ya ng'ombe na kituo chake cha utafiti wa malisho.

Sisi tulifikia kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe sita wa asili. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na mvua za Desemba zilikuwa mbali.

Baada ya sala ya alfajiri mama wa nyumba alichukua kibuyu, akapiga bismillahi, akamfungua ndama. Ng'ombe hawa hawateremshi maziwa wasipomwona mtoto wao. Basi ndama huachwa anyonye kidogo, huvutwa kando, na mwisho huachiwa chuchu moja iliyo yake. Sisi tusomao Sura An-Nahl twajua kwamba maziwa yametajwa humo kuwa mazingatio, ila wengi wetu huyazingatia yakiwa kikombeni tu.

Asubuhi ile kibuyu hakikufika nusu. Kijana wa nyumba alitaka chuchu ya nne nayo ikamuliwe, kwani fedha za sare za mdogo wake hazijatimia.

"Mwanangu," mama akamjibu, "huyu tukimnyima leo, mvua zikija tutakamua nini?"

"Na shule je, mama? Itangoja mvua?"

Nasi hatukuweza kusema nani mwenye haki zaidi. Mzee akakata shauri: mbuzi mmoja angepelekwa mnadani, na ndama aachiwe chuchu yake.

Kutwa nzima kazi ilikuwa kutafuta maji na malisho. Kijana alikwenda na mifugo kisimani, bibi akasukasuka maziwa mgando apate samli, na mzee akapanda uchanjani palipowekwa mabua ya mtama na uwele tangu mavuno. Mabua hayo ndiyo akiba ya nyumba, nayo hutolewa kwa kipimo kama unga. Aliyahesabu mafungu mara mbili, akateremsha moja, na kijana akamtangulizia ndama.